Mtungini Mbili

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye anayeshika redio ofisini getini, pale njia ya kupandia mlima inapoanzia. Miaka kumi na tisa kiti kilekile, na mto wa kukalia kaushona mwenyewe. Waongoza wageni humwita Mama Redio na humwogopa kuliko mvua. Mimi naandika majina ya wapandaji kwenye daftari, meza ya pili, kwa hiyo najua ninachokisema, wala sisemi kwa sababu ya uwifi. Haya, labda kidogo.

Ugomvi wetu ulihusu mahali paitwapo Mtungini. Kwao walisema ni kule chini, kwenye chemchemi, bibi yake alipovunja mtungi akiwapelekea maji waliochonga njia. Kwetu tulisema ni juu, pangoni, babu yetu alipoacha mtungi ukinge matone ya mwambani. Mwaka jana ofisi ikaitisha kikao ili iweke kibao cha jina hilo. Kaka yangu, mwongoza wageni, damu ya babu kabisa, akanyoosha mkono upande wa mkewe. Alifunika kombe mwanaharamu apite. Sikumsemesha mwezi mzima.

Kibao kikawekwa chini.

Sasa siku moja mwaka huu, saa tisa alasiri, ukungu umeshashuka, redio ikakoroma. Alikuwa kaka, aliyepanda peke yake kukagua njia. "Nimeanguka. Mguu umevunjika, damu haikatiki. Nipo Mtungini."

"Baba watoto, juu au chini?" wifi aliuliza. Kimya. Akauliza tena na tena. Betri ilikuwa imekwisha.

Machela moja, wabebaji wanne. Darajani njia inagawanyika, na kutoka hapo kila upande ni mwendo wa saa moja na nusu; ukikosea, urudi uanze upya. Mkuu wa wabebaji alisimama mlangoni, kamba begani.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Kibao kiko chini," wifi alisema, lakini hakumtazama. "Alininyooshea mkono. Watu wote walimwona."

"Alinyoosha ili alale kwa amani," nilidakia. "Njia alifundishwa na babu."

Akanikata jicho. "Wifi, leo si siku ya kushinda."

Alisema kweli na iliniuma, maana nilitaka kushinda hata wakati ule, kaka yangu akivuja damu. Nikavuta pumzi, nikamuuliza taratibu, "Nyumbani, kaka hupaitaje kule chini?"

Kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe cha redio. "'Kwenye kibao chako'," alisema. "Kila mara. 'Wageni wamepumzika kwenye kibao chako.' Mimi nacheka, nadhani ananitania."

Nikaona uso wake unabadilika. Mwaka mzima, mezani na kitandani, mumewe hakuwahi kupaita Mtungini.

"Pandeni juu," akamwambia mkuu. "Pangoni. Kimbieni."

Tukakaa. Sijawahi kuogopa vile. Akiwa amekosea, kaka anakufa, na sisi wawili tutalaumiana mpaka kaburini. Alikuwa anazungusha pete kidoleni. Nilimmiminia chai, ikapoa. Saa kumi na moja redio ikalia: "Tumempata. Pangoni. Anaongea."

Wifi aliinamia meza akalia kwa sauti, nami nikamshika mabega, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu harusi yao.

Walipomteremsha, kaka alifumbua macho getini. "Mlijuaje?"

"Nyamaza," wifi alimwambia, huku akimfunika blanketi. "Umeninyamazia mwaka mzima, malizia na leo."

Wiki iliyofuata wifi alipanda mwenyewe na nyundo, akang'oa kibao. Ofisi imekasirika mpaka leo. Nani alikuwa mkweli, bibi yake au babu yetu, mimi sijui. Kaka, mguu ukiwa bado kwenye plasta, alimuuliza kwa nini amekitoa.

"Ili uanze kunibishia," alisema.