Mwenye Ghorofa na Geti Lake

Juzi nilikuwa katika ofisi ya wakili mjini, nikisubiri hati ya kiapo ya mwanangu. Kando yangu walikaa wanaume wawili waliostaafu mapema kutoka kazi moja. Mmoja alikuja kuuza shamba lake la Mutuini ili ajenge nyumba za kupangisha kule Kinoo, kama mwenzake.

“Sisi wote tuliostaafu tuko na ghorofa,” mwenzake alimwambia. “Wewe uko na ng’ombe wawili. Si ni aibu, mzee?”

Mwenye shamba alicheka kidogo, kalamu mkononi. Simu ya mwenzake ikalia: maji yameisha. Ikalia tena: mpangaji amepata geti limefungwa. Mwenye ghorofa akapapasa mfuko, funguo zikalia.

“Si soja wa kulinda geti afungue?” mwenye shamba akauliza.

“Soja ni mimi.”

“Na unalala wapi?”

“Hapo kwa geti. Kuna kachumba. Hizo nyumba zingine zote nimepangisha.”

Mwenye shamba alimtazama, kisha akaifunika kalamu na kumrudishia karani wa wakili. “Ambia wakili nitampigia. Wacha niende nikamue.”

“Utaachwa nyuma, wewe!” mwenzake akasema, simu sikioni.

Zamani kila nikipita Kinoo nilikuwa nahesabu ghorofa za niliosoma nao, nikafika nyumbani nimenuna hata watoto wakaogopa kuniomba chai. Sasa naangalia kwanza nani anafungua geti.