Kamati Ilivyomlinda Binti Yangu

Niliingia kwenye kamati ya kulinda watoto kwa sababu siku ya uchaguzi sikuwepo. Kwetu, waliohudhuria hupewa vyeo na asiyekuwepo hupewa kazi. Nilikuwa dukani kwangu Keumbu nikipanga sweta za shule, jirani akachungulia mlangoni na kuniambia, "Hongera, umekuwa mwanakamati." Mwenyekiti alikuwa mkulima wa chai kutoka Gesima, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito, ambaye hajawahi kukosa mkutano wowote wenye chakula.

Kazi yetu ilikuwa kuzuia. Tuzuie mimba za utotoni, tuzuie bangi, tuzuie pombe, na juu ya yote tuzuie wasichana kukeketwa likizo ya Desemba ikifika. Ili tujue kuzuia vizuri, tulipelekwa semina katika hoteli moja mjini Kisii. Tulizuia kuanzia chai ya saa nne, iliyokuwa na mandazi na soseji, hadi wali wa mchana, na baada ya wali tukazuia kwa macho yaliyofumba. Mwezeshaji alikuwa muuguzi mstaafu, mama nadhifu mwenye miwani na sauti ya upole. Alieleza madhara ya ukeketaji mpaka wengine wakatoa leso. Baada ya hapo yeye na mwenyekiti walizunguka shuleni kuwafundisha wasichana la kufanya wakiona hatari: wapige kelele, wakimbie, wamtafute mtu wa kamati au yeye mwenyewe.

Tulipewa pia tisheti za manjano. Kifuani ziliandikwa "Msichana Wangu Hakatwi" na mgongoni zilikuwa na nambari ya simu ya kuripoti. Mama mkwe wangu, aliyekuja kunisindikiza tu, alipiga makofi kwa bidii hadi akaongezwa ya pili.

Shule zilipofungwa, mume wangu alirudi kutoka ofisini na ujumbe.

"Mama anamtaka mjukuu wake aende kwake Gesima. Amsaidie kuchuma chai."

"Huko kuna nini?"

"Kuna chai."

"Na yale mambo mengine?"

"Hayo ni mambo ya wanawake," akasema, akafungua gazeti. "Ongea naye mwenyewe."

Nikampigia simu. Mama mkwe alicheka sana. "Mwanangu, mimi si ndiye nilipiga makofi?" Hoja hiyo sikuweza kuipinga. Binti yetu alikuwa gredi ya tano. Akafunga begi lake akaenda kwa nyanya yake.

Jumapili moja asubuhi mteja kutoka Gesima aliingia dukani, uso ukimng'aa.

"Mama, hongera! Nasikia leo tunakula kwenu. Nikimaliza hapa napanda huko."

"Tunakula nini?"

Aliponitazama alijua amekosea mlango. Akaanza kuikagua sweta aliyoshika kana kwamba kuna kitu kimepotelea mkononi mwake. "Labda nimesikia vibaya," akasema. "Lakini wimbi ya uji wa sherehe imeshasagwa."

Ilikuwa Jumapili, bila shaka. Wakwe zangu ni watu wanaomcha Mungu. Jumamosi, siku yao ya Sabato, hawawezi kukata mtoto. Nilimwacha mteja palepale na sweta yake, nikasimamisha bodaboda, na njia nzima sikuweza kusali hata neno moja.

Kwa mbali ungedhani boma la mama mkwe lina mkutano wa hadhara wa kupinga ukeketaji. Wanawake walikuwa wameketi nyasini wakimenya ndizi, wote wamevaa manjano. Mwenyekiti wetu alikuwa kando ya moto akigeuza nyama. Kwenye varanda aliketi muuguzi mstaafu, mkoba mapajani, kikombe cha chai mkononi.

"Karibu, mwanangu!" mama mkwe akaniambia. "Umefika wakati mzuri. Tuna maombi kidogo."

"Maombi ya nini, Mama?"

"Ya kushukuru. Watoto wamefunga shule salama."

"Na muuguzi?"

"Amekuja kutupima presha."

Mbele yangu mwanamke mmoja aliinama kuchukua ndizi, na ile nambari ya kuripoti ikajitandaza mgongoni mwake. Nikatoa simu nikaipiga. Ikaita mfukoni mwa mwenyekiti. Alifuta mafuta vidoleni, akapokea kwa ile sauti yake nzito. "Haloo, kamati ya kulinda watoto."

"Ni mimi," nikasema. "Niko hapa nyuma yako."

Aligeuka. Nilitarajia walau ashtuke. "Mama, usiwe na wasiwasi," akasema, simu bado sikioni. "Kamati iko hapa. Tunahakikisha mambo yanaenda vizuri."

Muuguzi naye akaona anisaidie. "Siku hizi si kama zamani. Kila mtoto na glavu zake mpya. Na ni kidogo tu, alama tu. Si heri mimi kuliko wale wa wembe?" Aliyasema kwa sauti ileile aliyotumia kwenye semina. Nikaelewa kwamba kwake hii pia ilikuwa kinga.

Binti yangu alisikia sauti yangu akatoka ndani, amefungwa leso mpya kiunoni. Nyuma yake alikuja binti wa shemeji yangu, wa umri wake, na yeye kafungwa leso kama hiyo. Wangu alikuja akashika sweta yangu kwa nyuma, jinsi alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo sana. Kisha akamtazama muuguzi, na akaongea Kiswahili kama yuko darasani.

"Wewe ndiye ulikuja shuleni kwetu. Ulisema tukiona hatari tukimbie tukutafute. Sasa tukimbilie wapi?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Alitaka kujua. Visu vilisimama kwenye ndizi. Muuguzi aliweka kikombe chini, akakichukua tena, kisha akakumbuka kwamba ana mgonjwa anayemngoja huko Itumbe. Alifunga mkoba wake na kuondoka akipita ukingoni mwa majani chai, bila kumuaga mtu yeyote.

Mama mkwe hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. "Umemharibia mtoto maisha," akasema. "Wataanza kumwita egesagane." Hilo ni jina la msichana asiyetahiriwa, na halisemwi kwa kusifu. "Nani atamwoa?"

"Mama, hata gredi ya sita hajafika."

Nilimnyoshea mkono yule binti mwingine, lakini mama yake, mke wa shemeji yangu, alikuwa amemshika bega huku macho yakitazama chini. Sikuweza kumng'oa mtoto mikononi mwa mama yake. Nikaondoka na wangu, moyo ukiwa nusu. Nyama ililiwa, nilisikia baadaye. Nyama haina kosa.

Nilipita kituo cha polisi. Afisa aliniuliza nani ameumia. Nikamwambia bado hakuna. "Sasa unaripoti nini, mama?" akauliza, na nikaona kwamba nimekosea kuja mapema.

Nyumbani mume wangu alikuwa na neno moja. "Ungeniuliza kwanza."

"Nilikuuliza," nikamjibu. "Ulikuwa unasoma gazeti."

Kesho yake mke wa shemeji yangu aliingia dukani na binti yake na mfuko wa nguo.

"Akae na dada yake hadi shule zifunguliwe," akasema.

"Na Mama?"

"Nimemwambia tumekuja kununua sare."

"Na mume wako?"

"Anasema ni mambo ya wanawake." Akaweka mfuko juu ya meza. "Basi, si mimi ni mwanamke?"

Alasiri hiyo yule mtoto aliniuliza kama mlango wa nyumba yangu hufungwa kwa ndani. Nikamwambia ndiyo. Akaenda akaufunga, akavuta komeo, akalivuta tena kuhakikisha, kisha akaja kunisaidia kukata sukuma wiki.

Januari kamati ilikutana kusoma ripoti ya mwaka. Iliandikwa kwamba visa viwili vimezuiwa Gesima. Mwenyekiti alisimama akaeleza jinsi alivyofika kwenye tukio mapema, na hapo hakudanganya, maana alikuwepo tangu alfajiri. Tulimpigia makofi. Muuguzi aliomba radhi kwa kutohudhuria. Nilisikia anaendesha semina kwingine.

Mama mkwe alikaa muda mrefu bila kukanyaga kwangu. Siku alipokuja, alileta mkungu wa ndizi na kuku, akaketi kwenye kiti kilicho mbali nami kabisa, akawaita wajukuu wake wawili, maana yule wa shemeji alikuwa bado anakaa kwangu, wamsomee vitabu vyao. Alisikiliza akitikisa kichwa, akawasahihisha hata pale waliposoma sawa. Nilimletea chai. Alionja, akamgeukia binti yangu.

"Mwambie mama yako chai haina sukari."

Nikaongeza sukari.