Wanafunzi watatu wa chuo na mama wa chumba tisa, Kambi Muru

Niaje wakuu. Mimi si mtu wa kushtuka. Niliacha shule darasa la nne, nikabeba mawe, na nikiwa na miaka ishirini na mbili tayari nilikuwa na vyumba tisa vya kukodisha Kambi Muru, Kibera. Wenye vyeti, hesabuni vyumba vyenu kwanza.

Hii ni ya miaka ya themanini na siongezi chumvi.

Walikuja wanafunzi watatu wa university kuandika vile watu wanaishi. Achieng' Mjaluo, Mutua Mkamba, Wanjiru Mkikuyu. Kubishana kutwa, lakini walikuwa na mpango: kila mtu anahoji watu wa kwao kwa lugha ya kwao, halafu saa ya lunch wanasoma karatasi zote pamoja kwa benchi yangu.

Mutua akasema, "Chumba namba tisa kuna mama wa kwetu. Kikamba safi."

Wanjiru akacheka. "Mkamba wapi? Ameongea na mimi Kikuyu. Wewe hata kwenu unapotea."

Achieng' hakucheka. Yeye pia alikuwa ameandika chumba tisa. Kijaluo.

Nikawaambia chumba tisa hakina mtu, funguo iko mfukoni mwangu.

"Landlord, mlango ulikuwa wazi," Mutua akasema. "Alinipa kiti."

Kila mmoja alikuwa na mstari mmoja tu. Mama alikataa maswali mengine.

Ya Mutua: Nimetoka Kongo, Kawangware.
Ya Wanjiru: Kwangu upepo unaingia.
Ya Achieng': Mlango wangu nimeuona hapa.

Mlango wa chumba tisa niliununua huko Kongo, kijiji cha Kawangware, kwa jamaa aliyeung'oa kwa nyumba ya mama aliyekufa, watu wake wakiwa wamepeleka maiti mashambani kuzika. Nilijua. Kwetu Bungoma hata mtoto anajua nyumba ya marehemu haiguswi kabla ya matanga kuisha. Nikajiambia hii ni Nairobi.

Nikafungua kufuli. Saruji ya sakafu ilikuwa bado mbichi. Hakuna alama ya mguu, hata wa Mutua.

Wapangaji waliosikia hayo wakaanza kukunja magodoro. Wakihama wote, mimi kwisha.

Mchana huohuo tukaupeleka mlango Kongo kwa mkokoteni, wanafunzi wakisukuma. Nilipopiga msumari wa mwisho, mtu ndani ya ile nyumba tupu akasema asante.

Kila mmoja aliisikia kwa lugha ya kwao. Mimi niliisikia kwa Kibukusu.

Wapangaji walibaki.

Nilichojifunza: wale watatu wangekuwa kabila moja, angeingia mmoja, na mstari mmoja haungeniambia kitu. Mwenye amewahi kununua kitu akijua kimetoka wapi, aandike hapa chini, hatutamcheka.

Mkokoteni, misumari na mlango mpya wa chumba tisa: shilingi mia tatu na kumi na mbili, senti hamsini.