Nilimjibu kwa Mwili Wangu

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nikiwa napeta mpunga hapa nyumbani Makanyagio, na ikinijia, mikono husimama yenyewe. Ilikuwa miaka ya tisini, kiangazi, nami nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Bado tulikuwa wakimbizi kutoka Burundi, tunaishi kwenye makazi nje ya mji wa Mpanda. Nilikuwa nimekwenda mtoni kufua na jirani yangu Leokadia, ambaye wengi walimwita Mama Yohana. Tulikuwa wawili tu. Akaweka sabuni juu ya jiwe, akanishika mkono, akaupitisha chini ya kitenge chake.

"Mama Furaha, gusa hapa. Unasikia?"

Nikasikia. Kitu kigumu kama punje ya karanga, kwenye titi, karibu na kwapa.

Hapa unisikilize vizuri, maana kosa langu liko hapa. Nilicheka. Sikucheka kwa dharau. Matiti yangu mwenyewe yalikuwa na mabonge tangu usichana, na nilipokuwa namnyonyesha Furaha, nesi wa zahanati aliyapima akaniambia nyama yake ni nzito tu kwa asili, si ugonjwa. Basi nikamwambia mwenzangu, "Mbona hata mimi ninayo? Kushoto na kulia. Ni maumbile tu, acha kujitia hofu."

Akashusha pumzi, akaendelea kufua.

Nesi alinipima mimi, mwanangu. Leokadia hakupimwa na mtu. Jambo dogo kama hilo hata mtoto angeliona, lakini mimi halikunijia kichwani mpaka mvua zikaja zikaisha.

Tulikuwa tunavuna maharage nilipomwona anavuta gunia kwa mkono mmoja. Nikampeleka pembeni, akafungua vifungo vya blauzi. Ngozi ya titi ilikuwa na vishimo vidogo kama ganda la chungwa, na chuchu imezama ndani. Tangu saa ile sikukaa. Naanza kusonga ugali, nauacha motoni. Natoka kwenda kwake, narudi kabla sijafika mlangoni. Furaha akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?"

Siku ya tatu nikamfuata mume wa Leokadia, Zabuloni, ambaye alikuwa anapanga kumpeleka mkewe kwa mganga wa mitishamba. Nikamweleza yote.

"Shemeji, mimi ndiye niliyemwambia si kitu."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi utafuatana naye kwa daktari."

Wakati ule mkimbizi hakusafiri bila kibali. Kila asubuhi nilikwenda ofisi ya makazi, nikakaa kwenye benchi, nikasimama, nikakaa tena, mpaka karani akawa ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa. Niliwaza kwamba kile kitu kifuani mwa mwenzangu hakisubiri mhuri wa mtu. Kibali kilipotoka, tulipanda treni hadi Tabora, kisha nyingine hadi Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa. Njia nzima namuuliza kama anaumwa, kama anataka maji, kama nimgeuze upande. Mwishowe akasema, "Mama Furaha, nyamaza basi kidogo!" Tukacheka wote wawili, halafu akalia.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mwenye maneno machache. Walimpima Leokadia siku kadhaa, kisha akatuambia bila kuzunguka kwamba ni kansa, imeshasogea, lakini watamkata titi na kumpa dawa. Mimi nikashindwa kujizuia, nikasema, "Na mimi nina mabonge." Akanipapasa, akaagiza nipigwe picha. Alipoiinua kwenye mwanga, titi langu lilikuwa jeupe tupu, kama ukungu umetanda.

"Hii ni nyama nzito," akasema. "Si ugonjwa. Ila kwenye picha ni nyeupe, na uvimbe mbaya nao ni mweupe. Unaweza kujificha humo nisiuone."

"Kwa hiyo sina kansa?"

"Leo sioni kitu. Lakini usirudi nyumbani ukajisahau. Yajue matiti yako. Kikizuka kitu ambacho hakikuwepo, njoo upimwe, usisubiri maumivu."

Leokadia alikatwa, akapona kidonda, akarudi shambani. Tulikaa naye miaka mitatu. Halafu ugonjwa ukarudi kwenye mifupa, na kazi ya kumwogesha nikaichukua mimi. Siku moja nikiwa namsugua mgongo nikamwomba msamaha.

Akasema, "Nesi alikuwepo zahanati, na nilimjua. Nilikuja kwako kwa sababu nilitaka mtu wa kuniambia si kitu. Haya, mwaga maji, yanapoa."

Alifariki mwezi huo huo. Najua alitaka kunipunguzia, na kweli alinipunguzia kidogo. Lakini kutulia sijatulia. Juzi nilimsikia msichana sokoni akimwambia mwenzake, "Hata mimi niko hivyo, usijali," nikaacha nyanya zangu nikawafuata mpaka stendi.

Kwa hiyo nakuambia wewe, mwanangu, na nyie wote mlio rika lako. Yapapase matiti yako kila mwezi, siku chache baada ya damu kukatika, uyazoee. Ukikuta bonge jipya, au ngozi imebadilika, au chuchu inatoa maji, nenda hospitali wiki hiyo hiyo hata kama huumwi. Ukiambiwa una nyama nzito, usiishie kusema asante. Uliza kama picha inatosha au kuna kipimo kingine, na urudi lini. Usione haya, ni mwili wako. Na rafiki yako akija kukuuliza, mwambie hujui, kwa sababu kweli hujui, kisha ufuatane naye siku hiyo. Atakukasirikia kwa kumtia hofu. Acha akasirike, akiwa hai.

Mungu akupe macho ya kuona mapema na moyo wa kusema ukweli kwa unaowapenda. Unyonyeshe wanao washibe, na uzeeke kuliko mimi, mwanangu, pamoja na rafiki zako wote.