Mwenye Pikipiki la Nuksi

Huyu dereva wa bodaboda wa Muheza huanza kulitukana pikipiki lake jekundu kabla hata hajanawa uso. Linabugia mafuta, mlima wa Amani linaupanda likikohoa, nuksi tupu, na kila siku pale kijiweni anatangaza kuliuza. Maneno hayo huyasema huku akilifuta tangi kwa kanga mpya ya mkewe. Juzi akaja mnunuzi kutoka Pangani, akalizunguka, akalipiga tairi teke.

“Mbona bovu hivi, kaka?”

“Bovu nani? Hebu ondoa mguu wako hapo!”

Mnunuzi akaenda zake, mvua ikashuka. Dereva akavua koti, akalifunika pikipiki, akasimama kando yake amelowa chapachapa, akilikaripia: “Nuksi we! Na hicho kikohozi chenyewe bado hakijakwisha.”