Karani Apewa Kiti cha Mbele

Nilifunga safari kwa ajili ya paka, na aliyetaka kucheka nilimwacha acheke. Paka wangu, Karani, hulala juu ya magunia ya kahawa kana kwamba ameajiriwa kuyalinda. Mwaka ule aliota uvimbe chini ya sikio, na bwana mifugo wetu akasema ni kansa. Aliniambia Nyakahanga kuna daktari wa wanyama anayejaribu dawa mpya kwa mbwa na paka wenye uvimbe kama huo, na imebaki nafasi moja. Tangu mume wangu afariki, Karani ndiye anayenipokea mlangoni.

Alfajiri niliondoka Nyakatuntu, paka kikapuni, khanga juu yake. Alilalamika njia nzima hadi Kimuli. Tulipofika penye watu akanyamaza.

Saa mbili pikapu ikaja. "Una mgonjwa?" dereva aliuliza, akiona nilivyokikumbatia kikapu. Kwetu mgonjwa hapandi nyuma. Nilipojibu ndiyo, mzee aliyekaa mbele alikuwa ameshateremka.

"Kaa na mtoto, waitu," alisema mzee huyo kwa heshima, Mzee Kazoba jina lake, akaenda kukaa juu ya mikungu ya ndizi.

Nilipaswa kumsahihisha palepale. Kiti kilikuwa laini, nikanyamaza.

Saa sita, Nyakahanga. Mzee aliteremka mwekundu kwa vumbi hadi kope. Mgonjwa uliyesafiri naye humwachi njiani, kwa hiyo alikibeba kikapu mwenyewe. Tulifika lango la hospitali, nami nikalipita, nikielekea banda la daktari wa wanyama. Hapo Karani akalia.

Mzee akafunua khanga. "Mama, vumbi lote hili nimekula kwa ajili ya paka?"

"Shikamoo, baba. Nisamehe."

"Marahaba," alijibu, maana shikamoo haikataliwi, lakini hakucheka.

Daktari, kijana mwenye miwani, alimpapasa Karani, kisha akaniuliza ninakaa wapi. "Nyakatuntu? Hapana, mama. Mgonjwa analetwa kila Jumatano kwa miezi miwili. Hutaweza. Nafasi hii nitampa mtu wa karibu."

Nililia, mtu mzima mimi, mbele ya mbwa watatu na wenye mbwa.

"Andika jina langu," Mzee Kazoba alisema. "Nakaa hapo nyuma ya hospitali. Nimeshambeba leo, nitambeba na Jumatano."

Daktari alituonya kwamba dawa bado ni ya majaribio, huenda paka asipone. Niliweka sahihi, nikamwachia mzee Karani. Safari ya kurudi nilipanda nyuma kwa hiari yangu, nikala vumbi langu pamoja na kikapu kitupu.

Miezi miwili baadaye, msimu wa senene, nilimpelekea mzee bakuli la senene wa kukaanga. Nilimkuta Karani mapajani mwake, amenenepa, uvimbe umebaki kama punje ya harage. Tulipompeleka bandani, daktari aliupima mara mbili, akaandika huku akitabasamu. Mzee alisema panya wake wamekwisha, akageuka kufuta macho.

Alitusindikiza hadi kwenye pikapu. "Mbele hapo," akamwambia dereva, bila kucheka, "kuna mgonjwa."

Bwana mmoja akaanza kuteremka. Safari hii nilifunua khanga mwenyewe, upesi. "Ni paka, baba. Kaa tu."

Bwana yule alimtazama Karani, akamtazama Mzee Kazoba.

"Si anaumwa?" aliuliza, akapanda nyuma.