Amplifaya Haikuwa na Pepo

Juzi nilikwenda matanga ya jirani yetu wa zamani, yule mpiga gitaa, na nimerudi na hasira ambayo hata usingizi haujaishusha. Keti nikueleze, maana huenda wewe hukuwahi kuisikia bendi yake.

Tulikulia kambi ya wafanyakazi wa mgodi hapa Lubumbashi, nyumba zimebanana, ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Jumamosi, king'ora cha kazi kikishalia, wanaume walirudi, wakaoga, na lupango, ua wa jirani, likajaa watu. Wawili walikuja na saksafoni na tarumbeta za fanfare, bendi ya gwaride ya kampuni. Mwingine alipanga ngoma zake juu ya kreti za bia. Jirani mwenyewe wiki nzima alikuwa fundi umeme, na kwa vipuri vilivyotupwa alikuwa amejiundia amplifaya kubwa kama kabati. Alipoiwasha, sufuria za nkambo, bibi yangu, zilitetemeka jikoni kwetu.

Kazi yangu ilikuwa kuchekecha unga wa bukari, ugali wetu, na kupuliza makala. Nilichekecha kwa kufuata ngoma zao, nusu ya unga ukaniishia usoni. Samaki wakavu wa Kasenga wananukia, munkoyo, togwa yetu ya mahindi, umepoa kwenye ndoo, na gitaa linanguruma huku saksafoni ikipanda polepole juu yake. Walichanganya jazi na roki, na chini yake wakaweka ngoma za harusi za kwao Mitwaba. Kambi ilizoea rumba, kwa hiyo watu walinung'unika.

"Hii muziki hata haichezeke," nkambo alimwambia jirani kila mara alipokuja kunywa munkoyo.

"Mama, sikia kwanza. Miguu itajua yenyewe."

Na ikajua kweli. Wimbo wao mkubwa ulikuwa ule aliomtungia mkewe alipokuwa na mimba ya kwanza. Ukianza tu, watu waliacha walichokuwa wakifanya. Nkambo mwenyewe aliweka kata chini akacheza, halafu akakana kwamba alicheza. Harusi zote za kambi zilifungwa kwa wimbo huo.

Kisha kazi za mgodini zikaisha. Vyombo vya fanfare vikarudishwa, mwenye saksafoni akahamia Kasomeno kuuza samaki, mpiga ngoma akaingia machimboni kujichimbia mwenyewe. Jirani alibaki na gitaa, amplifaya, na kanda chache walizojirekodia pale pale lupangoni. Nakala nyingine hazikuwapo popote.

Alipopooza mkono, watoto wake wakamleta pasta. Pasta akasema mkono umefungwa na muziki wa dunia. Siku ya maombi wakatoa gitaa, picha na kanda zote, wakavichoma katikati ya lupango, na mgonjwa wamemkalisha kitini atazame. Lakini amplifaya haikuwa na pepo. Ile ilipakiwa kwenye mkokoteni ikapelekwa kanisani, na mpaka leo inapaza sauti ya pasta. Mkono haukupona.

Basi juzi pale matangani kwaya ya kanisa ikasimama, mpiga gitaa wao akagusa nyuzi, nikaruka kitini. Ni ule wimbo jirani aliomtungia mkewe, noti kwa noti, isipokuwa maneno sasa ni ya Yesu. Wala si mara ya kwanza kuusikia hivyo. Miaka yote hii unapigwa kwenye taxi-bus, sokoni, kwenye simu za watu. Ila kuupiga mbele ya jeneza lake, kama zawadi!

"Hii njo wimbo Mungu alipatia Pasta mu ndoto," mama mmoja aliyekaa kando yangu akaninong'oneza.

"Ile ndoto ilikuwa mu lupango ya jirani, mama. Miye nilikuwa pale, napuliza makala."

Akasogeza kiti chake mbali nami. Pasta akasimama kueleza maisha ya marehemu: alikuwa mtumwa wa dunia, akaokolewa. Kuhusu bendi, kimya. Nikamwendea mjane, yule yule aliyetungiwa wimbo.

"Mama, unabaachilia hivi hivi?"

Alinishika mkono. "Mutoto yangu, niseme nini? Batoto yangu bote beko mu kanisa yake. Nikisema, nitabakia na nani?"

Nilitoka bila kuaga, nikatembea hadi nyumbani nikitukana barabara nzima.

Binti yangu aliponiona akauliza kulikoni. Nikamsimulia yote.

"Mama, ile wimbo ya kwanza ilikuwaka namna gani?"

Nikaweka mfuko chini nimwimbie, angalau mmoja aujue. Sauti ya wimbo ilinijia kichwani sawasawa, na kila pumziko mahali pake. Nikafungua kinywa nitoe maneno ya jirani, yakatoka ya kanisa. Nikaanza upya, yakatoka yale yale. Binti yangu akaanza kuitikia, maana hayo anayajua.